Kipimo cha Nani?

Wako miongoni mwetu watu, na wengi wao ni vijana wenye akili nzuri, ambao ibada yao ni chombo kipya. Ukikutana na mmoja wao kituoni, barazani au katika chumba cha walimu, kabla hajakuuliza habari za nyumbani atakuonyesha simu aliyoinunua mwezi huu, akueleze ina kamera ngapi, na kwamba ile ya mwaka jana imekwisha kuwa ya kuwapa wadogo zake. Atakuambia kuwa michezo ya kompyuta ndiyo elimu ya kesho, na kwamba bao ni mchezo wa wazee waliokosa kazi. Ukimgusia safari, atakusomea mwendo wa treni za nchi zote kwa kilometa, kisha atatoa hukumu: reli za zamani zing'olewe, ziuzwe vyuma chakavu. Mtu huyu tutamwita mshabiki wa vyombo. Hatumchukii. Twataka kubishana naye kwa sababu maneno yake yanarudiwa madarasani na maofisini, na yasipojibiwa yatageuka kuwa fikra ya taifa.

Kwanza tuondoe shaka. Sisi si katika wale wanaodhani kwamba utamaduni ni ngoma na vibuyu tu, na kwamba mashine ni kitu cha wageni. Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Watu wa pwani walishona mitepe kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja, wakaiingiza baharini. Hao walikuwa wahandisi wa zama zao. Kwa hiyo mgogoro wetu na mshabiki hauhusu kama tuwe na mashine au tusiwe nazo. Unahusu jambo ambalo yeye halitazami kamwe, nalo ni kipimo: chombo kimepimwa kwa kipimo cha nani, na kwa haja ya nani?

Tuanze na reli, maana huko neno kipimo si la mfano. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, na upana walioutandaza kati ya chuma na chuma ni milimeta 1,000. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo ina milimeta 1,067, kwa kuwa ilipasa kuungana na reli ambayo ukoloni wa Kiingereza uliiacha Zambia. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kujengwa mwaka 2017, ina milimeta 1,435, kipimo ambacho Waingereza wa karne ya 19 walikitumia katika reli zao za kwanza na sehemu kubwa ya dunia ikakifuata. Nchi moja, vipimo vitatu. Ndiyo maana mzigo unaotoka Reli ya Kati kwenda TAZARA hauna budi kushushwa Kidatu na kupakiwa upya katika mabehewa mengine. Kila aliyekuja alikuja na rula yake, nasi mgongo wa mpagazi wetu ukawa ndio daraja la kuziunganisha.

Mshabiki atasema hayo ni ya kale, na kwamba sasa tunayo treni inayokwenda kilometa 160 kwa saa. Kweli tunayo, na twaionea fahari. Ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, nasi tulikata tiketi. Tuliona mama mmoja wa makamo akishuka Dodoma, akiwa bado amekamata kikapu chake kwa mikono miwili kama aliyetazamia safari iwe ndefu zaidi. Hatuna neno baya juu ya furaha ile. Lakini mwendo ni sifa ya siku ya uzinduzi, na sifa ya miaka hamsini ni matunzo. TAZARA nayo siku ile ya 1976 ilipokabidhiwa ilikuwa mpya. Ilikuwa na madaraja 320 na mahandaki 22, na ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Pale Gongo la Mboto yapo makaburi ya Wachina waliofia kazi hiyo. Kisha miaka ikapita, injini zikachoka, vipuri vikaadimika, na mizigo iliyokuwa haki ya reli ikahamia kwenye malori. Mwaka 2025 ikabidi kutiwa saini mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya China ili kuifufua reli hiyo na kuiendesha kwa miaka 30. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa twajenga ukuta, na fundi tumemwita yule yule wa kwanza.

Sasa mshabiki anatushauri nini? Kung'oa cha zamani na kununua kipya. Huo ndio ushauri uliotufikisha hapo. Mtu aliyezoea kutupa simu kila mwaka hawezi kuelewa kwamba mafuriko ya bonde la Mkondoa yanapoikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, dawa yake si kuichukia reli bali ni kuyajua maji. Hajiulizi reli ya umeme itakapotimiza miaka arobaini ni mikono ya nani itakayofunga nati zake. Mabehewa yake yaliundwa Korea Kusini, na njia ya kufika Dodoma ilijengwa na kampuni ya Uturuki. Hilo si aibu, kwa kuwa mwanafunzi hana budi kuanza kwa mwalimu. Aibu itakuja ikiwa baada ya miaka arobaini tutakuwa bado wanafunzi wa darasa lile lile.

Tuje kwenye simu. Mshabiki huhesabu maendeleo kwa upya wa simu iliyo mfukoni mwake. Twamwomba akumbuke jambo moja. Huduma ya kutuma fedha kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, haikuhitaji simu ya thamani. Ilifanya kazi katika simu ndogo ya vitufe, yenye tochi, ile anayoicheka. Ilishika kwa sababu ilikutana na desturi iliyokuwapo: mtoto aliyeko mjini humtumia mzazi aliyeko kijijini, na zamani fedha hizo zilikwenda ndani ya bahasha kwa mkono wa kondakta au wa jirani anayesafiri. Chombo kilipopimwa kwa haja ya watu wetu, dunia nzima ilikuja kujifunza kwetu. Hakuna simu mpya hata moja kati ya alizozinunua mshabiki iliyolipatia eneo hili heshima kama hiyo.

Tena na atazame Kariakoo. Wako vijana pale wanaokaa nyuma ya vimeza vidogo, taa kichwani na bisibisi mkononi, wanafungua simu iliyokufa na kuirudisha katika uhai. Mshabiki huwapita akitafuta duka la simu mpya. Sisi twasema hao ndio warithi wa wafua chuma, na kama tungekuwa na haki ya kutoa nishani, tungeanza na wao.

Tena kipimo si amri ya mbinguni, kinaweza kubadilishwa na watu waliokubaliana. Nchi za Umoja wa Ulaya zilichoka kuona kila simu ina chaja yake, zikatunga sheria, na tangu mwisho wa 2024 simu mpya zinazouzwa huko sharti ziwe na tundu la kuchajia la aina moja. Kampuni ya Apple, ambayo ilishikilia tundu lake yenyewe kwa miaka mingi, ilianza kulibadilisha katika simu zake za mwaka 2023. Mnunuzi mmoja mmoja, hata awe na fedha kiasi gani, asingeliweza jambo hilo. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ina nchi 8. Siku itakaposema kwa sauti moja, nayo itasikilizwa. Mshabiki, kwa kuwa hujitazama kama mteja tu, hawezi hata kuiota siku hiyo.

Sasa michezo, na hapa ndipo anapotukera zaidi. Kwake bao ni uvivu na mchezo wa kompyuta ni akili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na tangu namua hadi mtaji sharti ahesabu mizunguko mingi mbele, kichwani, bila kalamu, huku akilinda nyumba yake na kuwinda ya mwenziwe. Mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikuja Zanzibar katika miaka ya 1990 kuchunguza mafundi wa bao ili ajue akili ya binadamu inafika wapi katika kuhesabu. Yeye aliyetoka mbali aliona chuo. Sisi tuliozaliwa karibu yake tunaona wazee wasio na kazi.

Wenye michezo yao hawakufanya hivyo. Kampuni ya Nintendo, ambayo mshabiki hulitaja jina lake kwa heshima, ilianza Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata za jadi za Kijapani. Kutoka katika karata za wazee ikapanda ngazi hadi michezo ya umeme inayochezwa duniani kote. Na mwezi Machi 2016, mjini Seoul, mashine iitwayo AlphaGo ilipomshinda bingwa Lee Sedol mara 4 kwa 1 katika mchezo wa Go, dunia ilisimama kutazama. Kwa nini mashine ilipimwa kwa Go? Kwa sababu watu wa Asia Mashariki waliuandika mchezo wao, wakaufundisha, wakaupa mabingwa na mashindano, hata ukawa mizani ambayo mabingwa wa kompyuta walitaka kujipimia. Akili ya mashine ilikwenda kujipima kwa kipimo chao. Bao lina uzito wa kuwa mizani ya namna hiyo. Lililokosa ni watu wa kulibeba.

Na hapa haki yatutaka tujihukumu wenyewe. Mshabiki hakujizaa. Sisi tulio maofisini ndio tuliomlea. Tuliisifu lugha ya Kiswahili majukwaani, kisha tukaandika maelezo ya mitambo kwa Kiingereza. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitafsiri programu nzima ya kazi za ofisi, wakaiita Jambo OpenOffice. Ni ofisi ngapi kati ya zetu zilizoitumia? Tulikuwa na neno na chombo, tukakosa moyo. Na tulipoalikwa na shule moja ya sekondari siku zilizopita, tulionyeshwa kwa fahari chumba cha kompyuta. Zilikuwa safi, zimefunikwa vitambaa vya kufumwa kama makochi ya sebuleni. Tulipoomba iwashwe moja, tuliambiwa mwenye ufunguo wa kabati la nyaya amehama. Mtoto wa shule ile akitoka na kumwabudu mwenye simu mpya, kosa litakuwa la nani? Tumemfundisha kwamba chombo ni kitu cha kufunikwa na kutazamwa.

Mshabiki atatujibu kwamba nchi yenye fedha haba haiwezi kubuni, inaweza kununua tu. Hoja hii imegeuzwa juu chini. Mwenye fedha haba ndiye asiyeweza kumudu kununua mara mbili. Yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua kukarabati, kujua kuchagua, na kujua kukataa. Tajiri akikosea, hutupa. Sisi tukikosea, mjukuu hulipa.

Tunawataka walimu mambo matatu, nayo hayangojei bajeti. Vile vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 na kisha kugawiwa kwenu, visiishie kuwa vya kutazamia picha. Fungueni kimoja kilichokufa mbele ya wanafunzi, mweleze kwa Kiswahili betri ni ipi na umeme wapita wapi. Wekeni mbao za bao shuleni, na mwalimu wa hisabati awe wa kwanza kuketi. Tena mkipita na wanafunzi karibu na reli, yoyote ile, wapimisheni upana wake kwa futi kamba, kisha muwaulize ni nani aliyeuchagua na kwa nini.

Nanyi wanafunzi, pendeni mashine. Mshabiki hakukosea kupenda, alikosea kupenda ganda. Pendeni kwa kiasi cha kutaka kuona ndani, kuchafuka mikono, na kubishana na aliyeiunda. Reli ya umeme mliyoikuta itakuwa kongwe wakati ninyi mkiwa na umri wetu. Siku hiyo atatafutwa mtu wa kuitengeneza, na twataka aitwe kwa jina la huku.