Ukiwacheka watu wa Lilliput, jicheke na wewe

Wengi wetu tunamjua Gulliver kwa picha moja tu: jamaa amelala chali ufuoni, amefungwa kamba na vijitu vya kimo cha inchi 6. Tukaaminishwa kwamba hiyo ni hadithi ya watoto. Wapi!

Jonathan Swift, kasisi wa Dublin, alikitoa kitabu hicho jijini London mwaka wa 1726 bila kuweka jina lake. Alikuwa na sababu ya kujificha, kwa maana alikuwa akiwapiga vijembe wakubwa wa Uingereza. Kule Lilliput, cheo hutafutwa kwa kuruka juu ya kamba. Anayeruka juu zaidi bila kuanguka ndiye anayekipata. Watu 11,000 wamekubali kufa kuliko kuvunja yai upande mwembamba. Eti yai!

Hapo tunacheka, na wengi huishia hapo kwa sababu matoleo mengi ya watoto hukatwa. Safari ni nne. Katika ya pili, Gulliver ndiye kijitu, na anapomsifia mfalme wa majitu nguvu ya baruti, mfalme anashikwa na kinyaa. Katika ya tatu kuna msomi aliyemaliza miaka 8 akijaribu kutoa miale ya jua kwenye matango. Katika ya nne, farasi ndio wenye akili, huku viumbe wanaofanana nasi wakiraruana kwa sababu ya mawe yanayong'aa.

Kisha Gulliver anarudi nyumbani. Harufu ya mkewe na watoto inamchefua, na kila siku anapiga gumzo na farasi wake kwa saa 4 au zaidi. Ameuona ujinga wa kila mtu, isipokuwa wake.

Hapo ndipo Swift anatunasa. Kizazi chetu ni hodari wa kejeli: mheshimiwa akiteleza asubuhi, kufikia adhuhuri vichekesho vimejaa kwenye simu. Ni sawa kabisa, kwani kejeli ni silaha ya asiye na cheo. Lakini sisi hao hao hukesha tukitukanana kwa sababu ya timu ya mpira, au kumdharau mtu kwa jina lake la pili. Hayo ndiyo mayai yetu.

Kitafute kitabu kizima, usome safari zote nne. Cheka upendavyo, lakini ukifika mwisho, jiulize: yai lako ni lipi?