Tofali la Buhigwe na Kasulu lisimalize miti

KILA kiangazi, kati ya Juni na Septemba, matanuri ya matofali hufuka moshi katika mabonde ya Kasulu na Buhigwe, mkoani Kigoma. Mkulima aliyeuza kahawa au maharage hununua mabati, na nyumba ya nyasi inabomolewa. Kuanzia Heru Juu, makao ya Mwami Theresa Ntare enzi za utawala wa jadi, hadi Muyama, kila familia inataka nyumba ya kudumu. Hilo ni jambo jema.

Tatizo ni kuni. Tanuri moja humeza magogo mengi, na mengi hukatwa kwenye miteremko na kandokando ya vijito. Tangu Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilipowakusanya watu vijijini, miti ya karibu imezidi kuelemewa. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, nayo imeongeza wahitaji wa kuni wilayani Kasulu. Mteremko ukibaki mtupu, mvua huondoka na udongo wa shamba lile lile lililolipia mabati.

Njia nyingine ipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali humwagiliwa maji kivulini kwa siku zisizopungua saba. Halichomwi. Lakini udongo upimwe kwanza, kwani wenye mfinyanzi mwingi hupasuka usipoongezewa mchanga.

Wananchi wana hoja: saruji inanunuliwa, kuni ni za bure. Ukweli ni kwamba kuni zinaonekana za bure kwa sababu hakuna anayelipia mteremko ulioharibika. Hata hivyo, si haki kumtaka mkulima mmoja anunue mashine.

Hapo ndipo halmashauri zinapohusika. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayolenga wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iviwezeshe vikundi kupata mashine na mafunzo, vifyatue matofali na kuyauza vijijini. Anayeendelea kuchoma naye apande miti yake ya kuni kabla ya kuwasha tanuri. Nyumba bora inayokausha kijito cha kijiji itamwacha mwenye nyumba na bati zuri na ndoo tupu.