Picha Zinazofanana Si Picha Moja

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, la watu wenye muda wa kupoteza: picha zilizojirudia kwenye kompyuta zetu za nyumbani. Najua kuna bei ya sato, kuna ajira, kuna maji ya bomba yanayotoka usiku wa manane. Huko tutarudi. Lakini hili nalo limeshaanza kuumiza watu, na sijaona anayelisema.

Hali yenyewe mnaijua. Umenunua simu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila ulipobadilisha ulimwaga kila kitu kwenye kompyuta. Folda moja inaitwa "Simu ya zamani", nyingine "Simu ya zamani 2", nyingine "USIFUTE". Sendofu ya dada yako ipo mara nne: ilivyotoka kwa mpiga picha, ilivyokuja na flashi ya binamu, ilivyopita kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na ile uliyojitumia mwenyewe ili isipotee. Diski imejaa mpaka mstari umekuwa mwekundu. Huko mtandaoni nako hakuna nafuu, maana tangu Juni 1, 2021 Google Photos waliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo, na zile GB 15 unazopewa zinaliwa na picha pamoja na barua pepe.

Hapo ndipo anapotokea mshauri. Anaweza kuwa fundi wa mjini, rafiki wa chuoni au kijana wa video za dakika mbili. Neno lake ni moja: "Safisha! Kuna programu, unabofya mara moja, takataka zote zinaondoka."

Ndugu zangu, huo ni ushauri mbovu. Sisemi programu hizo ni mbaya, nazitumia. dupeGuru ipo na ni ya bure, digiKam ipo na ni ya bure, na zote zinafanya kazi yake. Ninachopinga ni kule kubofya mara moja. Ninapinga kumpa mashine uamuzi ambao si wa mashine, halafu tukajisifu kwamba tumesafisha.

Tuanze na jinsi zinavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaobofya hawajui. Kazi ziko mbili na hazilingani kabisa.

Kazi ya kwanza ni kutafuta nakala halisi. Programu inalisoma faili lote na kulipigia hesabu inayotoa namba ndefu, mfano wa alama ya kidole. Hesabu mojawapo ya aina hiyo, MD5, ilichapishwa mwaka 1992. Mafaili mawili yakitoa alama ile ile, basi kwa matumizi yetu ya nyumbani ni kitu kimoja, hata kama moja linaitwa "harusi" na lingine "DSC0412". Hapa mashine iachiwe kazi yake. Haichoki wala haibahatishi.

Kazi ya pili ni kutafuta picha zinazofanana, na hapa mambo yanabadilika. Njia moja inayotumika sana ni kuipunguza picha mpaka ibaki vijiraba 64 tu, nane kwa nane, tena bila rangi, kisha kuangalia kila kijiraba kama ni cheupe au cheusi kuliko wastani. Picha mbili zikikaribiana katika vijiraba hivyo, programu inakwambia zinafanana. Naomba msomaji ulishike hilo: vijiraba 64. Uso wa bibi yako, maandishi ya ubavuni mwa boti, kina cha maji ufukweni, vyote vimekunjwa humo.

Sasa tuje nyumbani. Nani Mwanza hana picha ya mwamba wa Bismarck? Mgeni akishuka tu anapelekwa Kamanga, anageuza mgongo ziwani, anapigwa picha. Kwa programu, mwamba wako wa 2006 na mwamba wako wa 2020 ni kitu kimoja: jiwe, maji, mbingu. Chagua moja, futa nyingine. Lakini mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka mno, na mwaka 2020 maji yalipanda mpaka yakavuka rekodi iliyokuwa imewekwa mwaka 1964. Kati ya kipindi kile na hiki tofauti ni zaidi ya mita mbili za maji. Walioishi ufukweni wanajua maana ya mita mbili: ni mashamba, ni vyoo, ni vibanda vya samaki, ni nyumba ambazo wenyewe walizihama. Ukizishika picha hizo mbili mkononi unaweza kumwonyesha mtoto kwa kidole maji yalifika wapi. Programu imezipanga kwenye kundi moja na kuiwekea alama ya kufutwa ile ya zamani kwa sababu ina pikseli chache.

Au chukua Kigongo na Busisi. Miaka mingi tulivuka pale kwa kivuko. Tulipanga foleni, tukanunua mahindi ya kuchoma, na tukapiga picha kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Picha za foleni za pale zinafanana zote: magari, jua, maji. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kama kilomita tatu juu ya maji, na safari ile ya kusubiri ikaisha. Yule aliyesafisha kompyuta yake mwaka uliotangulia alifuta "takataka". Leo angezitafuta picha zile angezipata wapi?

Mtu ataniambia: mwandishi, unakuza mambo, kuna serikali, kuna makumbusho. Haya. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, lakini kazi yake kubwa ni kumbukumbu za ofisi za umma. Folda yako ya "Simu ya zamani 2" haimo. Hakuna ofisa atakayebisha hodi Kirumba au Igogo kuomba picha za mama yako akianika dagaa. Picha za maisha ya watu wa kawaida wa ziwa hili ziko kwenye kompyuta zetu na simu zetu. Tukizifuta hakuna pengine pa kuzipata.

Kuna tatizo la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza: katika nakala nne, ibaki ipi?

Mshauri wetu haliulizi hilo. Programu ukiiachia, inafuata kanuni uliyoiwekea au iliyokuja nayo, labda ibaki mpya zaidi, labda ibaki ya folda ya kwanza. Lakini nakala nne za sendofu si sawa. Picha iliyotoka kwenye kamera huwa na rekodi yake ndani, wataalamu wanaiita EXIF: siku, saa, aina ya kamera, pengine hata mahali. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa ipungue ukubwa, na rekodi ile inatupwa. Kwenye simu nyingi inapewa jina jipya lenye tarehe, lakini tarehe hiyo ni ya siku ilipoingia kwenye simu. Siku iliyopigwa haimo. Kwa hiyo nakala "mpya" mara nyingi ndiyo nakala duni.

Kwetu sisi wa ziwani jambo hili si la kinadharia. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka ikitokea Bugolora, ikiwa imebakiza hatua chache kufika Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikaondoka na mamia, na makaburi ya Igoma yapo kwa anayetaka kuyaona. Sasa fikiria mtu ameichukua picha ya zamani ya MV Bukoba, ameirusha kwenye kundi siku ile ya msiba wa Ukara. Kwenye simu yako itaingia na jina la Septemba 20, 2018. Miaka kumi ijayo mwanao akiikuta, jina linamwambia 2018, maelezo hayapo, na nakala iliyokuwa na tarehe ya kweli uliifuta kwa sababu "zinafanana". Hapo tumepoteza picha na pia tumetengeneza uongo, na kila mtu kwenye msururu ule alikuwa na nia njema.

Hata mbele ya sheria asili ina uzito wake. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini katika kuzipima mahakama inaangalia zilitengenezwaje, zilitunzwaje, na zimetoka kwa nani. Mwenye mgogoro wa kiwanja ufukweni, mwenye boti iliyogongwa, mwenye ndugu aliyepotea majini, wote hao siku moja wanaweza kuihitaji picha yenye rekodi yake kamili. Ile iliyobanwa mara tatu haitawasaidia sana.

Na kuna lile ambalo haliendi mahakamani. Mtaani kwetu mama mmoja alifiwa na kijana wake, mvuvi wa dagaa. Mnajua desturi yetu: inatafutwa picha nzuri, inakuzwa, inatangulia mbele ya jeneza. Kijana alikuwa amepigwa picha safi siku ya ubatizo wa mtoto, amevaa shati jeupe, anacheka. Wiki chache kabla ya msiba kompyuta ya nyumbani ilikuwa imepelekwa kwa fundi "kusafishwa". Fundi alifanya alichoombwa: nakala tatu zikawa moja. Iliyobaki ilikuwa ile ya WhatsApp. Ilipokuzwa, uso ukawa madoa. Mama aliishika, akaitazama, akauliza kama hakuna nyingine. Hakuna aliyemjibu. Tulizika na ile ile.

Nani wa kulaumiwa? Fundi hakuambiwa kitu. Familia haikujua kuna cha kuambia. Mimi namlaumu yule aliyetufundisha kwamba picha ni uzito wa kupunguza tu, na sisi tuliosoma tunaokubali bila kuuliza. Mtu ana digrii, anajua kumsahihisha mtangazaji Kiswahili chake, lakini miaka kumi na tano ya maisha yake anaikabidhi kwa kitufe kimoja.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaojivunia kwamba wao hawafuti kitu. Nao nawapinga. Nakala kumi katika diski moja si akiba. Diski ikifa, na diski hufa, zinakufa zote kumi kwa pamoja. Zamani wazazi wetu walipokwenda studio walichapisha nakala tatu: moja ya albamu, moja kwa shangazi kijijini, moja ya kaka aliyeko Dar. Nyumba ikiungua, shangazi anayo. Ile ndiyo ilikuwa akiba. Sisi tumerundika zote chini ya paa moja, tena kwa majina yasiyoeleweka. Aliyerundika picha elfu ishirini asizoweza kuzipata hana tofauti kubwa na aliyezifuta.

Kwa hiyo tufanye nini? Kwanza, kabla hujagusa kitu, nakili folda zote kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Pili, anza na nakala halisi tu, na uiambie programu folda ipi ndiyo ya asili. dupeGuru, kwa mfano, inakuruhusu kuiteua folda moja kuwa ya rejea, na humo haifuti chochote. Tatu, zinazofanana zipitie kwa macho yako, kidogo kidogo, Jumapili baada ya Jumapili, na mama au bibi akiwa pembeni, kwa sababu yeye ndiye anayejua yule wa kushoto ni nani. Ibaki yenye rekodi yake ya ndani, na mara nyingi ndiyo yenye faili kubwa zaidi. Nne, iliyobaki iandikie: nani, wapi, lini, nani alipiga. Maneno kumi yanatosha. Tano, nakala moja ikae nyumba nyingine. Na ukimtumia mtu picha ya maana kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, itafika kama ilivyo.

Kwa waandishi wenzangu, hasa vijana, la kwetu ni zito zaidi. Picha isiyo na maelezo haina tofauti na habari isiyo na chanzo. Tunawadai wanasiasa uwazi, ilhali folda zetu zimejaa sura za watu tusiowajua majina, katika mikutano tusiyokumbuka mwaka.

Kompyuta ikijaa, safisha. Nafasi ni pesa na pesa hatuna. Ila kabla ya kufuta, fungua picha zote mbili, ziweke ubavu kwa ubavu, utazame maji yamefika wapi.