Cheti cha Jengo Kisifunike Taka

Siku hizi wenye maghorofa mijini wanajivunia vyeti vinavyotangaza kwamba majengo yao ni rafiki wa mazingira. Jambo hilo ni jema. Lakini hatuna budi kuuliza: taka za majengo hayo huishia wapi?

Mfumo wa LEED wa Marekani haumpi mtu cheti mpaka jengo lake litenge mahali pa kuweka karatasi, maboksi, chupa, plastiki na vyuma vinavyoweza kutumika tena. Mfumo wa EDGE, wa shirika la IFC lililo chini ya Benki ya Dunia, unadai akiba ya asilimia 20 katika mambo matatu: nishati, maji, na vifaa vya ujenzi. Taka za wakazi hazimo katika matatu hayo.

Hapo ndipo penye kasoro. Mfumo mmoja unadai chumba cha taka. Mwingine haudai hata chumba. Na chumba peke yake si dawa. Likija lori moja likachanganya tena kila kilichotenganishwa, na kukimwaga katika dampo la Pugu Kinyamwezi, chumba kile kimemfaa nani? Jengo limebaki safi, na uchafu wake umehamishiwa kwa mwananchi anayeishi kando ya dampo.

Wananchi wa Dar es Salaam wanaijua dhuluma hiyo. Katika shauri la mwaka 1991, wakazi wa Kunduchi Mtongani waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka karibu na makazi yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Usafi wa wachache haujengwi juu ya maradhi ya wengi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu. Basi na zianze na majengo ya umma. Kila jengo litenganishe taka zake. Lipime uzito wake kila mwezi. Lioneshe hati ya mahali zilikopokelewa. Na vikundi vya vijana na akina mama vipewe kazi ya kukusanya zinazouzika. Jengo lisiloweza kueleza taka zake zimekwenda wapi lisipewe cheti, hata kama kuta zake zinang'aa.

Ndugu wananchi, taka haipotei kwa kuondoka machoni petu.