Daftari la Wiki: Vipendwa vya Miaka Sitini

Ijumaa ya wiki hii nimetimiza miaka sitini kwa hesabu ya jua, ambayo ndiyo iliyoandikwa katika cheti changu cha kuzaliwa; ama kwa hesabu ya mwezi, waliyoitumia wazee wangu katika kukadiria umri wa mtu, sitini nilikwisha kuipita zamani, kwani mwaka wa mwezi hupungua kwa siku kumi au kumi na moja ukilinganishwa na mwaka wa jua, na siku hizo zikikusanywa katika umri kama huu wangu hupata karibu ya miaka miwili. Nashukuru kuwa na hesabu mbili. Moja hunambia kuwa nimeingia leo, na ya pili hunambia kuwa nimo ndani siku nyingi, kwa hiyo sina haja ya kutishika. Na hapa kwetu Unguja iko ya tatu, hesabu ya Nairuzi, ambayo wakulima na manahodha waliifuata kwa karne nyingi: mwaka wa siku 365 usioongezwa hata siku moja, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku tano za kuukamilisha, na kwa kuwa siku hizo 365 ni wiki 52 na siku moja, mwaka mmoja ukiingia Jumatatu, ufuatao huingia Jumanne, na mzee wa Makunduchi aliyeishika hesabu hii kichwani hakuhitaji karatasi ili ajue lini mbegu itiwe ardhini.

Sherehe ya siku ya kuzaliwa haikuwamo katika hesabu yoyote ya hizo tatu. Katika nyumba niliyokulia siku hiyo ilipita bila ya kutajwa. Waliotajwa ni aliyezaa, aliyezalisha na aliyetoa jina, na hao walitajwa mwaka mzima. Lakini zamani zimegeuka, na mjukuu wangu wa kike, ambaye hivi sasa yumo katika umri wa kuandika kila kitu, alikuja na kalamu yake akaniuliza: "Bibi, katika maisha yako yote umependa vitu gani kuliko vyote? Nitajie kumi." Nilimtajia viwili, kisha nikamwomba muhula wa wiki moja. Haya ndiyo niliyoyapata, kwa mpango ule ule yalivyonijia, na kumi hazikutimia.

*

Kwanza ni mashairi, na hasa mashairi yanayoghaniwa kwa sauti. Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno mengi mchana. Lakini baada ya sala ya isha, chakula kikisha kuondolewa, alikuwa na ada ya kutwaa kitabu au gazeti kuukuu na kutughania, akitua mahali pa kutua, akiirefusha silabi ya mwisho ya kina, hata sisi watoto tukaijua mizani minane kwa minane kabla ya kufundishwa na mwalimu yeyote kuwa iko mizani duniani. Alikuwa na nakala za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, ambalo washairi wa Tanga, Mombasa, Unguja na bara walijibizana ndani yake kana kwamba wamekaa baraza moja. Naye aliwajua kwa majina yao na mitindo yao, ilhali hakupata kumwona hata mmoja wao.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, na mimi nimeirithi mahaba hiyo bighairi ya kupunguza. Kila nikimsoma Muyaka humfikiri mtu mwingine ambaye jina lake husahauliwa, naye ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyezikusanya beti zile baada ya mtungaji wake kuwa chini ya udongo miaka mingi, akaziuliza kwa waliozihifadhi vifuani, akazifafanua, na kazi yake ikamfikia padre Mwingereza William Taylor, kisha ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens. Laiti Mwalimu Sikujua angeliona kuwa maneno ya sokoni na ya vitani yaliyotungwa na mtu wa zamani hayafai kutaabikiwa, baba yangu asingalikuwa na la kutughania, wala mimi nisingalikuwa na la kumtajia mjukuu wangu awali ya yote.

*

Upepo wa mwisho wa kusi, majira ya demani, unapokuwa umechoka kusukuma na bado haujaanza kugeuka. Bahari hutulia, dagaa hupatikana, na nguo zilizoanikwa darini hukauka bila ya kupeperushwa hadi kwa jirani. Kaskazi huleta jua kali na, hapo kale, majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kusi huyarudisha makwao. Mimi nimeupenda wakati usio wa safari.

*

Kahawa chungu, isiyotiwa sukari, katika kikombe kisicho na mkono, pamoja na kipande cha halua. Halua yenyewe sina ujuzi wa kuipika, na wanaoijua wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa: wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, na mikono isiyoacha kukoroga kwa saa nyingi juu ya moto, kwani ukiuacha mwiko kidogo tu huungua chini na yote huharibika. Nimekula vitu vingi vitamu katika miji mbalimbali, wala sikupata kuona kilichokisogelea kipande kile, kikitanguliwa na uchungu wa kahawa.

*

Jumanne nilikaa na mjukuu nikamwonyesha bao, nikagundua kuwa mchezo huu una haki ya kuwamo katika orodha. Nilifundishwa na babu yangu mzaa mama, shamba, wakati watoto wa kike hawakuhesabiwa kuwa ni wachezaji. Yeye hakujali, maadamu alikuwa na upungufu wa mtu wa kucheza naye alasiri. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, nasi tulitumia komwe alizoziokota mwenyewe. Kila mmoja huanza na kete sita katika nyumba yake, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kando, zikabaki 22 mkononi, ambazo huzitia moja moja kwa kunamua hata zimalizike. Ndipo mchezo unapoingia katika mtaji, na hapo kete zote zimo ubaoni, hapana tena akiba ya mkononi ya kukuokoa.

Babu alisema machache sana wakati wa kucheza. Akinyamaza kwa muda mrefu nilijua kuwa naelekea kuisafirisha nyumba yangu kabla ya wakati wake, naye ananipa nafasi ya kuliona hilo kwa macho yangu mwenyewe. Hakupata kunizuia mkono. Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi katika madarasa ya serikali, nikasoma vitabu vingi juu ya malezi na mafunzo, na sijaona njia iliyo bora kuliko ukimya wa mzee yule, ambaye aliamini kuwa mtoto akipewa wasaa atatazama, na akitazama ataona.

Hapa ndipo niliposimama, nikairudia orodha yangu tangu mwanzo, na likanidhihirikia jambo nisilolitarajia: hakuna humo kitu hata kimoja nilichokichagua kwa ikhtiari yangu. Mashairi yana sauti ya baba, bao lina mikono ya babu, kahawa nilizoeshwa na mama mkwe wangu katika mwaka wa kwanza wa ndoa, nami nikiwa mgeni katika nyumba yake na sijui la kusema. Watu husema "napenda hiki" kana kwamba kupenda ni kazi ya mtu peke yake. Naona sasa kuwa kila nilichokipenda kwa dhati nilipewa na mtu aliyekipenda kabla yangu, aghalabu bila ya yeye kukusudia kutoa wala mimi kujua kuwa napokea.

*

Mshairi Shaaban Robert aliona vema kuyatazama maisha yake, akaandika juu ya umri wake kabla na baada ya miaka hamsini. Alizaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, yaani baada ya hamsini hakupata hata miaka minne. Nimeshangaa wiki hii kuona kuwa nimemzidi umri mtu ambaye tangu udogo wangu nimemfikiria kuwa ni mzee.

*

Asumini. Huchumwa jioni, vingali vitumba, kwa kuwa ua likifunguka mtini harufu yake humalizwa na hewa; likichumwa kabla ya maghribi hufunguka usiku chumbani, na harufu yake hubakia humo pamoja na watu. Mama yangu aliyatunga kwa uzi, au akayachanganya na rihani, vilua na vipande vya mkadi akafunga kikuba cha kuvaa, na kazi hiyo aliifanya huku akizungumza na jirani zake, vidole vyake vikienda bila ya kutazamwa. Wengi huhesabu manukato ya maua kuwa ni pambo la arusi, na kweli arusi haikamiliki bila yake. Lakini mama alitunga asumini hata katika siku zisizokuwa na jambo, siku za wali mkavu na deni dukani, na aliposikia mtu akiuliza sababu, alijibu kuwa mti umetoa.

Na kanga zake ningali ninazo. Nyingine zimefifia pindo, nyingine jina lake halisomeki tena. Doti moja tu ndiyo niliyoikata vipande viwili, kimoja changu, kimoja cha dada yangu, siku arubaini baada ya maziko.

*

Nimeiacha taarab mwisho, si kwa kuwa ni duni, bali kwa kuwa ina deni.

Inajulikana kuwa Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliipenda ngoma ya Misri hata akampeleka mtu Cairo kwenda kujifunza kupiga kanuni. Na kwamba mwaka 1905 watu wa mji huu waliunda chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai. Siku zile waimbaji wa majumba makubwa waliimba Kiarabu, na waliokielewa walikuwa wachache. Akaja Siti binti Saad, mwana wa Fumba, muuza vyungu, aliyeingia mjini na sauti yake tu, akaimba Kiswahili, akaimba habari za mahakama na za dhuluma na za mapenzi ya watu wa Ng'ambo, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Bi Kidude, ambaye wengi wetu tulimwona kwa macho na ambaye tulimzika mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Silsila hiyo ni fupi kuliko watu wanavyodhani: ni wanawake wawili tu, na sauti inatufikia kutoka katika karne iliyokwisha zamani.

Mjomba wangu alikuwa akipiga kanuni katika kikundi kimoja cha mtaani. Chombo hicho hulazwa mapajani au mezani, kina nyuzi zaidi ya sabini, zilizofungwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huvaa pete katika vidole vya shahada, akabana ndani yake kipande chembamba cha kudonolea nyuzi. Sisi wasichana tulisikiliza kutoka ngazini. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Ilikuwa inafahamika tu kuwa mwanamke mahali pake katika taarab ni kuimba, au kusimama na kutunza, na kwamba vyombo ni vya wanaume. Niliyahifadhi mapigo yote ya mjomba kwa sikio, hata leo nikisikia utangulizi wa nyimbo zile vidole vyangu hutikisika. Lakini sikupata kukigusa chombo kile, na mjomba alifariki nami nikiwa masomoni bara, na kanuni yake ikauzwa kabla sijarudi.

Zamani zile zimekwisha. Tangu mwaka 2002 kipo hapa mjini Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na humo wasichana hufundishwa fidla, udi, kanuni na kodiani sawasawa na wavulana, na nimewasikia wakipiga, nikafurahi furaha ambayo sikuweza kumweleza aliyekuwa kando yangu. Mjukuu wangu, nilipomsomea haya, aliuliza swali moja tu: kwa nini basi Bibi asiende?

Nitakwenda Jumatatu. Ikiwa mwalimu ataona kuwa vidole vya miaka sitini vimekwisha kuwa vizito kwa kazi hiyo, nitamwomba anionyeshe walau namna ya kuzilinganisha zile nyuzi, uzi kwa uzi, tatu tatu, kazi ambayo mjomba aliifanya peke yake kwa muda mrefu kabla ya kila onyesho, mlango ukiwa umefungwa, na ambayo mimi niliisikia tu. Mjukuu nitakwenda naye. Ameomba akae ndani, na siyo ngazini.