Andikeni Jina la Chipu, Wacheni Kutuchezea

Wasee, leo nina hasira na mtanisikiza.

Waifai ya lapi yangu ilikufa. Nikashuka Luthuli, nikanunua kile kiadapta kidogo cha USB, soo nane. Muuzaji akaniapia, "Chomeka tu, inashika." Usiku huo nilikuwa na kazi ya kuandika mahojiano kutoka kwa sauti, mwisho saa sita. Nikachomeka. Wapi! Ndani ya pakiti kulikuwa na kisidii cha draiva. Sidii, jameni! Lapi yangu haina hata pa kuiingiza. Nayo karatasi inasema nipakue draiva mtandaoni. Yaani nitumie intaneti kutafuta intaneti. Kazi ikachelewa, mteja akampa mtu mwingine.

Adapta bila draiva ni matatu bila dere: imepakwa rangi, muziki upo, lakini haiendi mahali.

Shida iko hapa. Jina kwenye boksi ni rangi tu. Injini ni chipu. Adapta mbili zenye sura moja, hata namba ya modeli moja, zinaweza kuwa na chipu tofauti: hii Realtek, ile MediaTek. Draiva hufuata chipu, haifuati boksi. Ndio maana unatafuta kwa jina la boksi unapata draiva ya kitu huna.

Kwa hivyo fanya hivi. Kwa Windows, fungua Device Manager, bofya kulia kile kifaa chenye alama ya mshangao, ingia Properties, Details, halafu Hardware Ids. Utaona VID na PID. VID 0BDA ni Realtek. 148F na PID 7601 ni chipu ya MT7601U. Kwa Linux andika lsusb. Hizo namba ndizo za kutafuta. Na intaneti ya kupakua? Unganisha simu kwa waya, washa USB tethering. Waifai haihitajiki hapo.

Na zile programu za "tunakutafutia draiva bure", achana nazo. Nyingi zinakujazia matangazo, zingine zinakuletea virusi. Anza na tovuti ya mtengenezaji.

Najua kuna mjuaji atasema, "Si ungesoma kwanza?" Nisome nini, bro, na boksi limeandikwa tu "kasi ya ajabu"? Mama anayemnunulia mtoto adapta ya masomo naye ajue VID ni nini? Huo si ujinga wa mnunuzi. Ni uvivu wa anayeuza na anayetengeneza.

Jina la chipu ni mstari mmoja wa wino. Liandikeni. Mpaka mliandike, sisi tutaenda dukani na lapi mkononi: chomeka hapa, nione ikishika, ndio nitoe pesa. Haishiki? Rudisha kwa shelfu, boss.