Fidia Baada ya Ajali ya Pikipiki: Msamaha Haufuti Haki

Huko Songambele, kama ilivyo kwingineko katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, pikipiki ndiyo humfikisha mama mjamzito zahanati na mgonjwa hospitali. Tunaitegemea kila siku. Hatuna budi basi kujiuliza: ikianguka na abiria akavunjika mguu, nani hubeba mzigo?

Mara nyingi huubeba aliyeumia. Dereva huomba radhi, wazee hukutana, hutolewa fedha kidogo za dawa, na karatasi ya makubaliano hutiwa saini. Majuma machache baadaye daktari husema mfupa unahitaji upasuaji, pengine Bukoba au hata Bugando. Fedha zimekwisha, na familia huingia katika butura: kahawa huuzwa ingali maua mtini, kwa bei apendayo mnunuzi. Ajali ya dakika moja hula mavuno ya msimu mzima pamoja na mahitaji ya shule ya watoto.

Sheria ya nchi haikulisahau jambo hili. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, humtaka anayetumia chombo cha moto barabarani, pikipiki ikiwamo, awe na bima kwa ajili ya madhara yanayoweza kumpata mtu mwingine. Bima hiyo humlenga mtembea kwa miguu aliyegongwa, na pia abiria aliyebebwa kwa malipo. Kwa hiyo anayesita kudai kwa kumhurumia kijana wa bodaboda asiye na kitu afahamu kwamba bima iliwekwa kwa sababu hiyohiyo: mmoja asibaki kilema bila msaada, na mwingine asifilisike.

Haki hiyo, hata hivyo, huhitaji ushahidi. Ajali itolewe taarifa polisi mapema na ipatikane fomu ya PF3. Iandikwe namba ya pikipiki na jina la kampuni ya bima, na majina ya walioshuhudia. Vyeti vya hospitali na risiti zote zitunzwe, kisha madai yapelekwe kwa kampuni kwa maandishi. Shauri la madhara ya namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wapo waamini wanaodhani kudai fidia ni kukataa kusamehe. Sivyo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 18 na ya 19, humwagiza aliyemjeruhi mwenzake amlipe kwa muda alioupoteza na kuhakikisha anaponywa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, hutufundisha kwamba mkosaji anapaswa kufanya yote awezayo ili kurekebisha madhara aliyoyasababisha. Msamaha huondoa kisasi moyoni. Gharama ya upasuaji hubaki palepale, na mtu fulani atailipa. Swali ni kama atailipa anayewajibika, au watoto wa aliyeumia.

Haki hii ina mipaka. Anayekuza jeraha, anayeghushi cheti au kumtafuta shahidi wa uongo ameiba, hata kama anayeibiwa ni kampuni kubwa. Naye mwenye pikipiki anayemkabidhi kijana chombo kwa mkataba, akihesabu marejesho ya kila juma huku bima imekwisha muda, asijione hana hatia kwa kuwa hakuwapo barabarani. Sheria yaweza kumwajibisha, na amri ya tano humdai alinde uhai wa jirani.

Jumuiya ndogondogo zetu huwatembelea majeruhi kwa sala, unga na michango. Ni jambo jema. Ziongeze na hili: kumsindikiza majeruhi au ndugu yake polisi, kumtunzia nyaraka, na kumshauri asitie saini makubaliano ya mwisho kabla daktari hajaeleza ukubwa wa jeraha. Wazee wa usuluhishi nao wasiharakishe amani ambayo gharama yake italipwa na mnyonge peke yake.